Mkono Usioungua

Jumapili alasiri, Masasi. Joto limekaza. Mvua haijaonyesha hata wingu, mikorosho imeanza kutoa maua, na harufu yake imejaa humu ndani ingawa nimefunga dirisha. Baba Danieli amewachukua watoto kwenda kumwamkia bibi yao kule Chiungutwa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nyumba ni kimya na kalamu iko mkononi.

Wiki nzima sikuandika kitu humu. Nilichokuwa nacho kilikuwa cha mtu mwingine. Tangu jana asubuhi kinajulikana na mji mzima, kuanzia kwa Bwana DC mpaka kwa wauza mihogo, basi nadhani na mimi nimepata ruhusa.

Mjomba wangu Barnaba ana ukoma.

Nimeliandika neno lenyewe. Kule zahanati, tukiwa mbele ya wagonjwa, tunasema "ugonjwa ule", na wazee husema maradhi makubwa. Lakini mjomba jana alilitaja kwa jina lake mbele ya watu, na mimi sitakuwa mwoga kuliko yeye kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Asiyejua desturi zetu angeuliza nina nini mimi na mjomba, wakati ana mke na binti zake wanne. Kwetu mtoto ni wa mama. Mama yangu alipofariki, mimi na ndugu zangu hatukuwa yatima hata siku moja, kwa sababu kaka yake alikuwapo. Yeye ndiye aliyekwenda kwa masista kuniombea nafasi ya kusomea unesi, amevaa koti lake la vita, na alipoambiwa kuwa wasichana wengi huacha wakaolewa alijibu kwamba huyu akiacha mtanidai mimi. Na yeye akiugua, wenye kumuuguza ni sisi watoto wa dada yake. Mama Anjela, mke wake, ni mwema sana, lakini hata yeye Jumanne ile alinitazama mimi kwanza, akingoja niseme.

Mjomba ni fundi wa magari ya mashindano. Najua inavyosikika. Hapa Masasi, ambako wengi wetu tunatembea kwa miguu na mwenye baiskeli ni mtu mkubwa, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuyafanya magari ya wazungu yakimbie kuliko yalivyotengenezwa. Alianza akiwa kijana kwa kuosha lori la mfanyabiashara mmoja Lindi. Akaenda vita vya Habeshi akiwa fundi wa malori ya jeshi. Akarudi, akatengeneza matrekta kule kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea mpaka mradi ule ukafa, na matrekta mengine yako mpaka leo porini, yameotwa na nyasi. Kisha Bwana Niko, Mgiriki mwenye shamba la mkonge upande wa Lukuledi, akamchukua. Bwana Niko ana ugonjwa wake, nao ni kushindana. Kila mwaka kabla ya mvua, wenye magari huondoka hapa Masasi, wakapita Chiungutwa, wakapanda mlima mpaka Newala, wakageuzia bomani na kurudi.

Kupanda si kazi. Atakayeshindwa kupanda atasimama na kuchekwa, na labda atakosa maji ya kutia kwenye rejeta, maana huko juu huwezi kumwaga debe la maji bila kumnyima mtu aliyelifuata bondeni tangu alfajiri. Kazi ni kushuka. Mwaka juzi gari la mkulima mmoja lilishindwa kushika breki kwenye kona za chini. Dereva na mwenziwe waliletwa kwetu zahanati juu ya mlango uliong'olewa nyumba ya jirani. Mimi ndiye niliyewafumba macho.

Gari la mjomba halijawahi kumzika mtu. Vikombe vya fedha viko nyumbani kwa Bwana Niko, kwenye kabati la kioo, na mjomba hajawahi hata kuvipangusa vumbi. Nilipomuuliza kama haimuumi, alisema vikombe vinahesabu waliofika kwanza, na yeye anahesabu waliofika.

Sasa huo mkono.

Tangu mwaka juzi watu wamekuwa wakisema kwamba mkono wa Fundi Barnaba hauungui. Injini inachemka, wenziwe wanatafuta matambara, yeye anafungua kifuniko cha rejeta kwa vidole vitupu. Anashika bomba la moshi gari likiwa limetoka kukimbia. Madereva wa malori walikuwa wakikatisha safari kuja kumwona. Wakasema ana dawa ya moto aliyoipata Habeshi. Wengine wakasema aliipata Newala kwa Wamakonde, kwa maana kila kisichoeleweka hapa bondeni tunawasingizia Wamakonde. Mjomba alikuwa akicheka tu. Nami nesi mzima, mwenye cheti, nilikuwa nikikaa na akina mama wa kanisa nikisema kwa maringo, "Mkono ule? Ule ni wa mjomba wangu."

Tulikuwa tunausifu ugonjwa.

Jumanne nilikwenda kwao kupeleka unga. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono kupokea kikapu, nami nikaona kwenye kidole cha mwisho jeraha la kuungua lililooza pembeni. Halikuwa jeraha la jana. Nikamuuliza lini ameungua. Akakigeuza kidole akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha jirani, akasema hajui.

Hilo "sijui" ndilo lililonikalisha chini.

Nikamwambia avue shati. Mgongoni, chini ya bega, kulikuwa na baka lililofifia, kavu, lisilo jasho katika joto lile. Nikapapasa kiwiko chake, na mshipa wa ndani ulikuwa umevimba kama kamba ya ndoo. Nikachukua pamba kwenye mkoba wangu wa kazi nikaisokota ncha. Nikamwambia afumbe macho, na kila nitakapomgusa aseme ndiyo.

Nilimgusa shavuni. Akasema ndiyo. Nikamgusa dole gumba la kushoto, akasema ndiyo. Nikamgusa kidole cha mwisho cha kulia, nikakigusa tena, nikagusa cha pili yake, nikashuka mpaka ukingo wa kiganja, kisha nikageuza mkono nikapita mgongoni mwa vidole vyote, nikafanya vivyo hivyo kwa vidole vingine vya kushoto. Alikuwa ameketi wima, amefumba macho, ananingoja niendelee.

"Bado hujagusa?" akauliza.

Mama Anjela alikuwa amesimama mlangoni, akajifunika uso kwa kanga, na mjomba akafumbua macho akaikuta pamba juu ya vidole vyake.

Nilimweleza yote niliyofundishwa. Kwamba sasa kuna vidonge. Kwamba watu wanapona, nimewaona kwa macho yangu wakirudi kwao. Kwamba kile kijiji cha wagonjwa ng'ambo ya mto si kaburi tena. Kwamba ganzi iliyokwisha kuingia huenda isitoke, lakini tutazuia iliyobaki. Nilisema vizuri, kwa sauti ya kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba kitu kimoja, nimngojee mpaka Jumatatu. Jumamosi kulikuwa na mashindano.

Nilikasirika. Nilimwambia gari ni chuma, lina mafundi wengine. Akasema mafundi wapo, lakini Bwana Niko akimpata fundi mpya siku nne kabla ya mbio, atapata mtu wa kumwambia ndiyo. Na Bwana Niko ana mabinti wawili wadogo.

Kisha akanieleza shida yake, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kila mwaka, asubuhi ya mashindano, yeye huliteremsha gari kwenye kilima nyuma ya gereji, akikanyaga breki kwa nguvu kila baada ya hatua chache. Chini anashuka upesi na kugusa magurudumu yote manne kwa mgongo wa vidole. Yote lazima yawe na joto moja. Lililo baridi halishiki. Lenye joto kupita mengine linaburuta, na kwenye mteremko wa Newala linaloburuta litawaka, na likishawaka halitashika tena. Alisema ni kama homa tu, Mama Danieli, wewe si unawashika watoto vipaji vya uso kila siku?

Mwaka jana aligusa magurudumu hayo na kuliruhusu gari. Alidhani yote yako sawa kwa sababu yote yalikuwa sawa kwenye vidole vyake. Jumanne ile, mbele yangu, ndipo alipogundua kwamba mwaka ule alikuwa amemtuma mtu mlimani bila kujua lolote. Nilimwona akilitambua hilo. Ukoma alikuwa ameupokea kwa utulivu, lakini hilo lilimtoa machozi.

"Niazime vidole," akasema. "Kimoja hakivunji chawa."

Basi Alhamisi na Ijumaa, baada ya kazi, nilikwenda gereji. Vijana wa pale walicheka wakasema Fundi anamfundisha mpwa wake udereva, mwakani wazungu wataona vumbi la sketi. Niliwaacha wacheke. Mjomba aliteremsha gari, nami nikangoja chini ya kilima na gauni langu jeupe nimelikunja magotini. Nikashika gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Sikuweza kutofautisha kitu. Akanifundisha nichovye mkono kwenye maji kila mara kabla ya kugusa, ili chuma cha kwanza kisinidanganye kuhusu cha pili. Akanifundisha nisibonyeze, niupumzishe mkono tu. Akanifundisha nisitaje jibu upesi kwa kutaka kumfurahisha.

Tulirudia mpaka jua likazama nyuma ya mlima wa mawe. Mara nyingine alikaza breki moja kwa siri ili anijaribu, na ilipofika Ijumaa jioni niliikamata kila mara. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu siku ya kupata cheti. Nikiwa nimepiga magoti na grisi mpaka kwenye viwiko, nilimtazama mzee huyu akingoja neno langu, kichwa amekiinamisha, na nikaona jinsi alivyoishi. Wenzake walisifiwa kwa magari yaliyokimbia. Yeye miaka yote alikuwa akisikiliza kitu kidogo chenye nia ya kuua mtu, ili akizuie, na kikishazuiwa hakuna atakayejua kwamba kilikuwapo.

Lazima niandike na hili. Ijumaa, nilipofika nyumbani, nilinawa mikono mara tatu. Najua kwa akili yangu kwamba ugonjwa huu hauambukizi hivyo, nawaambia watu hivyo kila wiki. Nilinawa.

Jana asubuhi. Kulikuwa na umande mwepesi, na bendi ya shule ilikwisha anza kupiga ngoma pale uwanjani. Tuliteremsha gari mara ya mwisho jua likichomoza. Nilichovya mkono. Nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, yote sawasawa. Mbele kulia nilipumzisha vidole, nikavitoa.

Nilichovya tena. Nikagusa tena. Nikarudi kwenye mengine, nikarudi kwenye hilo.

"Homa?" mjomba akauliza.

"Homa."

"Una hakika?"

"Mjomba, si homa kubwa. Lakini ipo."

Akanyoosha mkono wake mwenyewe akauweka juu ya chuma. Akauacha pale. Nilimtazama uso, nikimwomba Mungu vidole vyake viseme kitu, hata uongo. Havikusema.

Hapakuwa na muda wa kufungua gurudumu. Tulipolifikisha gari uwanjani magari mengine yalikuwa yamekwisha pangwa, na Bwana Niko alikuja na kofia yake ya ngozi na glavu, mabinti zake wakimfuata na vibendera. Aliketi kwenye usukani, akauliza kama kila mwaka, "Fundi, gari nzuri?" Na kila mwaka mjomba hujibu kwa neno moja, nzuri, kisha humpa kisogo asione wanavyoondoka.

"Gari haliendi, Bwana."

Bwana Niko alicheka kwanza. Kisha akashuka, akavua glavu, akashika gurudumu. Wakati huo chuma kilikuwa kimepoa.

"Mimi hapana sikia joto," akasema. "Wewe nashika mwenyewe?"

"Nimeshika."

"Nasikia joto?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema uongo. Neno moja tu, ndiyo, na gari lingebaki, na siri ingebaki, na Jumatatu tungeondoka taratibu watu wakidhani Fundi amekwenda kupumzika kwa ndugu zake. Mimi ningelisema. Nilikuwa nimefumba macho nikimngoja aliseme. Lakini mtu huyu kuhusu gari hajawahi kusema kitu asichokigusa.

"Sikusikia. Aliyesikia ni huyu mpwa wangu."

Watu walicheka. Bwana Niko alinitazama mimi, akamtazama yeye, na nilimwona akiumia, maana anampenda mjomba kwa namna yake. "Fundi," akasema, "siku zote mimi nakwenda kwa mkono yako. Leo nakwenda kwa mkono ya nesi?" Akapanda tena garini. Akawasha injini. Mtu wa bendera alikuwa anakaribia.

Mjomba akasogea mbele ya gari, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti, mbele ya macho yake.

"Bwana, tazama mikono hii. Imekufa. Nina ukoma. Mwaka jana nilikutuma mlimani nikiwa sijui kitu, na leo sikutumi."

Hakupaza sauti, lakini bendi ilikuwa imetua kati ya wimbo na wimbo, na kila mtu alisikia. Kukatokea duara. Sikuona mtu akitembea, ila ghafla palikuwa na mchanga mtupu pande zote za mjomba, na mama mmoja alikuwa amembeba mwanawe juu kama anayevuka mto. Vijana wa gereji waliangalia mikono yao. Bwana Niko alitazama usukani alioushika, ambao mjomba alikuwa ameushika dakika chache kabla yake, akauachia. Akazima gari. Akashuka, akafuta viganja kwenye suruali.

Sijui alishuka kwa sababu ya breki au kwa sababu ya ukoma. Nimelifikiria tangu jana. Mjomba mwenyewe anasema haijalishi, alishuka.

Bendera ikapigwa, magari mengine yakaondoka, vumbi likatufunika sisi wawili na gari letu. Mjomba akaenda kuchukua jeki. Hakuna aliyemsaidia, wala hakuna aliyetaka kumpa spana, kwa hiyo nilimpa mimi. Tukalifungua gurudumu. Aliniambia nishike hapa, nivute pale, nami nilishika na kuvuta.

Ilikuwa ni springi. Springi ndogo ya kuirudisha breki nyuma, imechoka, imelegea. Aliitoa akaigeuza juani. Nikamuuliza, mjomba, ingemuua? Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka jambo la kuwapelekea watu wale, niwaonyeshe kwamba alilolitoa amelitoa kwa kitu kikubwa.

"Pengine," akasema. "Pengine angekwenda akarudi salama."

Magari yote yaliyokwenda yalirudi salama. Alishinda kijana mmoja mwenye duka, na kulikuwa na pilau. Na jioni nilisikia kisimani wakisema kwamba Fundi ameharibu mashindano kwa springi, mzee ameanza kupotewa, tena na huo ugonjwa. Nilitua ndoo nikawaambia maneno ambayo mke wa mwalimu kama mimi hapaswi kuyajua. Sitayaandika.

Mjomba hakuwa na hasira. Hilo ndilo linalonishangaza, nami nimekaa na hasira yangu siku nzima kama mtu aliyekalia jiwe la moto. Nilidhani atakuwa amevunjika. Alikula ugali wote. Alimwambia Mama Anjela atenge sahani yake na kikombe chake, ili majirani waendelee kuja. Asubuhi hii mpishi wa Bwana Niko alileta kopo la biskuti, akaliweka chini mbali na mlango, akaondoka bila kugonga. Mama Anjela alitaka kulitupa. Mjomba alisema ni biskuti nzuri, kwa nini zitupwe.

Leo kanisani benchi lake lilikuwa na mtu mmoja.

Ni benchi la watu sita. Mama Anjela hukaa upande wa wanawake, kama sisi sote, kwa hiyo hakuweza kumsaidia. Padre alihubiri kuhusu jambo jingine kabisa. Ulipofika wakati wa meza ya Bwana, mjomba hakuinuka. Sisi sote hunywa kikombe kimoja, na niliona watu wakiinuka haraka, mapema kuliko kawaida yao, hata wale ambao hukokota miguu. Nikaelewa. Kila mtu alitaka kumtangulia.

Mimi sikuinuka. Baba Danieli alinitazama kutoka upande wa pili, nami nikabaki nimeketi. Mstari ukaisha. Padre alisimama na kikombe, akangoja. Ndipo mjomba akaenda, peke yake, akapiga magoti, na kwa kuwa vidole vyake havijui tena kama vimeshika, alikikamata kikombe kwa mikono miwili na kukitazama kwa macho mpaka kilipofika mdomoni.

Nikaenda nyuma yake. Nilikwenda kwa kuogopa, siyo kwa utakatifu. Padre alikuwa ameinua kitambaa apanguse, akaniona, akasita. Nikanyoosha mikono kabla hajapangusa. Nilikunywa.

Sijanawa wala kusukutua. Ninaandika hili ili kesho nisije nikajidanganya kwamba ilikuwa rahisi.

Tulipotoka nje nilimwambia nimekwisha panga yote. Lori la misheni linaondoka kesho saa kumi alfajiri, nimezungumza na dereva, amekubali. Tutapita njia ya nyuma ya mlima, watu wakiwa wamelala, na kukikucha tutakuwa tumevuka mto, tumefika kile kijiji cha wagonjwa. Nilijiona nimefanya jambo la hekima sana.

Mjomba alikuwa akijifunga kifungo cha koti, kwa macho, polepole.

"Lori liende," akasema. "Tutatembea. Tutoke saa tatu."

"Saa tatu soko limejaa, mjomba."

"Ndiyo. Na gereji imefunguliwa. Nataka kuwaaga watu."

Saa tatu, basi. Nitavaa gauni jeupe, na nitatembea upande wake wa kulia.